Mtandio kwenye Pangaboi

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, ila paa la jikoni linavuja tena. Ile boti yako ya tanga, uliyoniachia uani juu ya trela niiuze upesi, ilipata mnunuzi. Ni fundi, mtu wa maneno machache. Tanga hakulitazama sana. Injini yake ndogo ya nyuma aliiwasha ndani ya pipa la maji, ikaitika mara moja, nikajua tumemalizana.

Kumbe bado. "Dada, sinunui injini bila kufungua pangaboi," akasema, akigusa yale mapanga ya nyuma yanayosukuma boti majini. "Nyuzi za kuvulia hujificha humo."

Nikasonya, nikamwambia afungue mpaka roho yake itulie.

Hakukuta nyuzi. Alikuta kitambaa cha zambarau kimejisokota kwenye chuma, akakivuta polepole mpaka pindo likatokea. Pindo lile nililidarizi mimi, kwenye mtandio niliompa wifi siku ya harusi yenu. Uliniambia aliondoka nao kichwani, akapanda basi kwenda kwao.

Kipande kimoja nimekitia humu, usije ukasema nakusingizia. Kingine fundi alikipeleka polisi, nilipomwambia mwenye mtandio hajaonekana tangu siku ile. Walipokuja kuuliza unakoishi, niliwaandikia anwani yako kwa mkono huuhuu uliodarizi.

Dada yako