Matundu Niliyoyaziba Tanga

Jumatano. Baridi ya mwezi wa saba imeamua kutukomesha. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumapili, na hapa karakana, Kisongo, Arusha, nimevaa sweta mbili na bado vidole havinitii.

Ila ukungu mkubwa zaidi uko kichwani mwangu. Naandika sasa hivi kabla sijafunga, kwa sababu nikifika nyumbani nitajitia kushughulika na vyombo na nitajifanya nimesahau.

Kwa anayepita kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni mara ya kwanza: mimi ni fundi aluminiamu. Mwanamke, ndiyo, na wala usinipe pole. Natengeneza madirisha na milango ya kioo ya kuslaidi, ile unayoisukuma pembeni ikatembea juu ya reli. Nimezaliwa na kukulia Oldonyo Sambu, na mtu wa kule hahitaji kufundishwa adui wa nyumba ni nani. Ni vumbi. Linaingia kwenye chai, kwenye masikio ya mtoto, kwenye Biblia iliyofungwa. Mama yangu alikuwa akiziba kila tundu la nyumba kwa matambara, na nadhani ufundi wangu ulianzia hapo.

Asubuhi alinipigia Mzee Kaaya kutoka Tanga. Ni Mmeru wa huku huku, mwalimu mstaafu. Magoti yake yalishindwana na baridi ya mlimani, akanunua nyumba Tanga inayotazama bahari, akahamia huko na mke wake. Mwaka juzi aliutoa mlango wa zamani wa mbao wa sebuleni, akaniita mimi niende nikamwekee wa kioo. Alisema hawezi kumwamini fundi mwingine. Nilivimba kichwa wiki nzima.

"Fundi, mlango umekwama tena," akaniambia leo. "Jana tumetokea jikoni, wazee wazima, na wageni nyuma yetu."

Tena.

Neno hilo limenichanganya siku nzima, maana mlango ule nilishautengeneza. Mwezi wa pili nilikwenda Tanga kwa sababu hiyo hiyo. Nilipounyanyua mlango na kuuweka pembeni, nilikuta reli ya chini imeliwa. Ilikuwa na vishimo vishimo na unga mweupe, na vigurudumu vimeganda humo kama meno mabovu. Nilipata aibu, kwa sababu nilipouweka nilimwambia mzee kwa mdomo mpana kwamba aluminiamu haishiki kutu. Ni kweli haishiki kutu ile nyekundu. Sikumwambia kuhusu chumvi, kwa kuwa sikuwa naijua. Huku kwetu chumvi inakaa kwenye kopo.

Basi mwezi ule wa pili nilitoa reli yote ya chini, nikaweka mpya na vigurudumu vipya. Mlango ukawa unasukumwa kwa kidole kimoja. Na mzee akauliza kilichoharibu ile ya kwanza ni nini.

Hapo sasa ndipo penye kisa.

Nyumbani kwa mzee kulikuwa na mama mmoja aliyewasaidia kazi, jina lake Mwanaidi. Mtu wa Tanga hapo hapo, amenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi. Aliifanyia kazi nyumba ile tangu enzi za wenyewe wa kwanza. Kila asubuhi alipiga deki kwa namna ambayo huku hatuijui. Sisi tunakamua tambara. Yeye alimwaga ndoo nzima ya maji ya kisima sakafuni, akayasukuma na mchanga wote uliopeperushwa usiku, mpaka mlangoni, yatoke nje. Sakafu ilikuwa inang'aa hadi unaogopa kukanyaga. Nilikaa pale siku mbili nikila samaki wake wa nazi.

Mzee alipouliza, mimi nilikuwa nimeinama juu ya reli, na Mwanaidi alikuwa amesimama na ndoo yake. Majirani watatu walikuwa wamekaa barazani na Mama Kaaya. Nikanyoosha kidole. Nikasema hapa hakuna maajabu, mtu anayemwaga maji kwenye reli kila siku ndiye anayeiua, na akiendelea hivi hata mlango wa chuma utakufa.

Nilisema kwa sauti. Nilitaka wote wasikie kwamba kosa si la fundi.

Mwanaidi hakupandisha sauti. Alisema, "Dada fundi, maji zamani yalikuwa yanatoka nje. Tangu uweke huu mlango, yanakaa humo humo." Nikacheka. Nikawaambia majirani kwamba huyu mama angefaa kuwa injinia, nao wakacheka.

Wiki ile ile akaachishwa kazi. Niliambiwa kwa simu, kwa namna mtu anavyokuambia wamebadilisha pazia. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikaacha.

Kwa hiyo leo nilipokata simu nilikaa juu ya ndoo ya skrubu nikiwa sielewi. Mwanaidi hayupo tangu mwezi wa pili. Msichana mpya anafuta kwa tambara lililokamuliwa, mzee mwenyewe alinihakikishia. Sasa nani anaiua reli? Nikafikiri labda ni mchanga. Labda nimenunua vigurudumu feki. Labda nyumba imezama upande mmoja. Labda ni hewa tu ya bahari na hakuna mlango wa kioo utakaoishi kule, na hapo nikaanza kuwaonea huruma watu wa pwani, kama kwamba walikuwa wananisubiri mimi niwahurumie.

Mchana nilikuwa na kazi Engutoto, kwa Mama Gurmeet, Singasinga mmoja mzee ambaye familia yake imeuza vifaa vya ujenzi mjini tangu sijazaliwa. Nilimpelekea mlango mpya wa kutokea bustanini. Niliusimamisha, nikaukaza, nikachukua silikoni, nikainama chini upande wa nje wa reli kumalizia kama ninavyomalizia siku zote. Mama Gurmeet alikuwa amejifunga shali, amesimama ananiangalia mikono.

"Hayo matundu unayaziba ya nini?"

Nikamwambia kwa fahari kwamba ni huduma yangu ya ziada, mama. Kiwandani wanayaacha wazi, mimi nayaziba ili vumbi na siafu wasiingie, na upepo huu wa baridi.

"Na maji yakiingia humu ndani, yatatokea wapi?"

Jamani.

Nilibaki nimeinama, silikoni inatiririka yenyewe mpaka kwenye kiatu. Matundu yale yanaitwaje? Matundu ya kutolea maji. Naijua kazi yake. Niliisoma chuoni, nikaijibu kwenye mtihani na nikapata. Ila miaka yote hii nimeyaziba kwa sababu huku, chini ya vibaraza vyetu virefu, maji hayafiki mlangoni na vumbi linafika. Wateja wananisifu. Mkono wangu umezoea hadi haunishirikishi tena.

Na mkono huo huo ulikwenda Tanga. Mara mbili. Nikaziba reli ya kwanza, ikajaa maji ya deki, yakakauka yakaacha chumvi, chumvi ikala. Nikaweka reli ya pili, nikaiziba tena, kwa uangalifu zaidi. Safari hii hakukuwa na ndoo, lakini masika ilikuja na mvua ya kutoka baharini inayopiga mlango usoni. Ikajaa tena.

Mwanaidi aliniambia. Alinieleza tatizo zima kwa sentensi mbili, akiwa ameshika ndoo, nami nikalifanya kichekesho.

Nilimwomba radhi Mama Gurmeet, nikakwangua silikoni yote kwa kisu, nikarudi Kisongo. Kisha nikampigia Mzee Kaaya. Nilijiandaa agombe. Nilitaka agombe, naweza kukiri hilo hapa. Nilimweleza yote: matundu, silikoni, kwamba ni mimi, kwamba Mwanaidi hakuwa na kosa.

"Aa, fundi, hayo yameshapita," akasema. "Wewe njoo utoboe tu."

Nikamuuliza, na Mwanaidi? Akasema yule naye alikuwa na mdomo, na sasa wameshamzoea msichana mpya, na mambo ya nyumbani fundi hawezi kuyajua yote. Akaniambia niwasalimie watoto. Akakata.

Ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nimekiri kosa na limechukuliwa kama salamu. Je, aliachishwa kwa sababu yangu, au walikuwa wanatafuta sababu nami nikawapelekea? Kama ni hivyo, kosa langu linapungua au linaongezeka? Nimekaa na swali hilo mpaka chai ikapoa, sijui.

Nikamwandikia Mama Kaaya kuomba namba ya Mwanaidi. Aliituma bila neno lolote, hata "sawa". Sijui pia hilo lina maana gani.

Nikapiga.

"Shikamoo," nikasema. Hapo hapo nikagundua kwamba siku zile mbili nilizokula chakula chake sikumwamkia hata mara moja. Mimi, niliyelelewa kuinamisha kichwa mbele ya kila mkubwa. Kwa kuwa alikuwa ameshika ndoo.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Nikasikia kuku upande wa pili. Nikaanza kueleza kuhusu matundu, nikaeleza vibaya, nikarudia. Akanisubiri nimalize.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia."

"Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi nayajua." Hakuwa na hasira, ndilo lililoniumiza. "Mtaa mzima hapa mimi ndiye niliyeua mlango wa mwalimu. Nikienda kuomba kazi wananiuliza, wewe siye yule wa maji? Hata kufua hawanipi, wanaona nitaua na mashine. Hayo umeyajua?"

Sikuwa nimeyajua. Nilimwambia nimeshamwambia mzee.

"Kwa simu?"

Ndiyo, kwa simu.

"Mimi hukunisema kwa simu, mwanangu. Ulinisema pale mlangoni, watu wamekaa."

Kuna mambo mtu anakuambia na huna pa kuyaweka.

Akasema kama nina nia, nije Ijumaa. Baada ya swala atawaita mwenyewe wale majirani watatu waliokuwepo, na wengine wawili ambao walimnyima kazi. Mzee na mkewe watakuwepo, ni kwao. Nisimame pale pale nilipoinama siku ile, niseme kwa sauti ile ile. Baada ya hapo nitoboe matundu watu wakiona, amwage ndoo moja, waone maji yanakwenda wapi. Kwenye nyumba yenyewe hataki kurudi. Anataka jina lake tu.

Nimekubali. Natoka kesho alfajiri.

Nami naogopa, shajara. Naogopa kuliko siku niliyopanda ghorofa ya nne bila kamba. Ufundi wa mwanamke unatembea kwa mdomo wa watu. Huku Kisongo kuna wanaume wanasubiri tu kusikia nimeharibu kitu, na mzee ana ndugu Arusha nzima. Nikisimama Tanga nikajisema, Jumapili habari itakuwa imefika uani mwa kanisa kabla yangu. Kisha nawaza: kwa hiyo jina langu ni la kulindwa, na lake lilikuwa la kufutia reli? Mkuki kwa nguruwe.

Tangu saa kumi najaribu kuandika nitakachosema, kwenye kipande cha boksi la vioo. Kazi ndogo tu, sentensi moja. Ya kwanza: "Mimi ndiye niliyeyaziba matundu, lakini sikuijua bahari." Nikafuta. Ya pili: "Mwanaidi hakuharibu mlango, lakini maji ya kisima yale yana chumvi." Nayo ni kweli, yana chumvi, ulimi wangu uliyaonja. Nikafuta. Ya tatu nilikuwa na uhakika nayo, nikaisoma kwa sauti humu karakana peke yangu: "Nilikosea, naomba radhi, lakini hata mafundi wakubwa hufanya hivi."

Sielewi hili neno "lakini" linaingiaje. Silialiki.

Nimegeuza boksi upande wa pili, ambao bado ni msafi. Nina siku mbili za kujifunza kusema sentensi moja inayoishia pale inapopaswa kuishia.