Cheni Niliyoikaza Mimi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na goti lako linasemaje siku hizi? Mzee wa nyumba naye hajambo? Na binamu zangu, yule mrefu na yule anayejiona mrefu, wanaendeleaje? Mama anakusalimu sana. Ana mafua, lakini ni yale ya kawaida, yasiyomzuia kusema. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Baba yupo. Naandika "yupo" kwa kukosa neno jingine. Anakula akiletewa, anajibu akisalimiwa, na saa zote zilizobaki analala chumba cha nyuma ameelekea ukutani. Fimbo yake ya kutembelea aliniomba niiweke juu ya kabati, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuifikia. Mwisho wa mwezi huu anakabidhi ufunguo wa kitalu chake cha miche kwa chama cha wakulima. Hakuna aliyemwomba. Miaka ishirini na sita ya miche, na anaikabidhi kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Najua uliambiwa alianguka na ile pikipiki ya magurudumu manne. Hukuambiwa kwa nini.

Tangu kiharusi kimguse mguu wa kushoto, pikipiki ile ndiyo iliyokuwa miguu yake. Bila hiyo, kule kilimani kwenye kitalu hafiki. Kila asubuhi alipanda na kreti nne za miche nyuma, mgongo umenyooka kama waziri anayekwenda kukata utepe. Shida ilikuwa kelele. Kufikia Agosti cheni ilikuwa inapiga kra-kra-kra hadi mbwa wa mtaa wakaacha kuibwekea, wakaona wameshindwa. Mwalimu mstaafu, jirani yetu, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kusahihisha madaftari, "Binti, baba yako anakwenda kazini au anasaga kokoto?"

Nikamfikishia Baba. Akasema, "Inaongea tu. Mbona hata mama yenu anaongea."

Mama akajibu kutoka jikoni, "Basi na mimi nipakeni oili."

Tulicheka, Shangazi. Nakueleza ili ujue nyumba hii ilikuwaje miezi miwili iliyopita.

Nikampigia simu fundi. Akasema cheni imelegea, na kama nina haraka niikaze mwenyewe, ila niiache icheze upana wa vidole viwili, na Baba awe amekaa juu wakati napima. Hilo la mwisho nililisikia, wala sitasingizia mtandao. Lakini Baba alikuwa amejilaza baada ya chakula, nami nilitaka aamke akute kazi imekwisha. Unanijua, mimi niliyejifunza kutengeneza redio kwa kuziharibu. Nikajiambia cheni ni cheni, pikipiki ikaliwe isikaliwe.

Nikainua nyuma kwa jeki, nikaweka matofali, nikasugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki (wa Mama, ambao mpaka leo anautafuta), nikaipaka oili, nikalegeza nati za ekseli, nikaivuta, nikapima vidole viwili, nikakaza. Nilipomaliza niliizunguka mara mbili kuitazama, kama vile nimeizaa.

Sasa najua. Pikipiki ikiwa juu ya matofali, nyuma inaning'inia na cheni inalegea. Akikaa mtu mzima na kreti nne, nyuma inashuka na cheni inavutika. Vile vidole vyangu viwili, Baba alipokaa, havikubaki hata unywele.

Kwa siku tisa kukawa kimya. Mwalimu alinipungia mkono. Baba akanitambulisha kwa muuza maziwa kama "injinia wangu". Alipokuwa anapanda kilima kulikuwa na mlio mwembamba, kama wa mbu. Niliusikia. Nikaamua ni mlio wa chombo kilichoridhika.

Siku ya kumi cheni ikakatika katikati ya kilima, ikajisokota karibu na injini na kuipasua ubavu. Pikipiki ikarudi kinyumenyume mpaka mtaroni, Baba akiwa juu yake. Muuza maziwa alimkuta amekaa kwenye matope, anaokota miche na kuipanga. Bega lilivimba. Picha ya hospitali haikuonyesha mfupa uliovunjika, tukashangilia mapema.

Kwa sababu Baba alikuwa na maelezo yake tayari. "Ni huu mguu," alisema. "Nilitaka kupunguza gia, ukachelewa. Nimekwisha, jamani. Nitakuja kumuua mtu."

Fundi alipokuja akaishika ile cheni, akaigeuzageuza, akauliza, "Nani aliikaza hii?" Baba alikuwa kwenye kiti hapo hapo. Nikasema, "Sijui." Baba akainamisha kichwa. Fundi akanitazama, maana ni mimi niliyempigia simu, akaiweka cheni chini. Akanisitiri mimi, na kwa kunisitiri akamzika Baba. Ilikuwa nafasi yangu, Shangazi, na ilikuwa rahisi kama kumeza mate.

Siku kumi na mbili nilishindwa kusema. Jumapili iliyopita nikaingia chumba cha nyuma na kile kipande cha cheni, nikamweleza yote, matofali, vidole, mbu, na ile "sijui" yangu. Akageuka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika kichwa, akasema, "Asante, mama. Una moyo mzuri. Lakini usijitwike mguu wangu."

Nikalia, akaona nalia kwa huruma.

Jumatatu nikamleta fundi athibitishe. Akathibitisha, hata akachora kwenye karatasi. Alipotoka, Baba akaniambia, "Huyo chai ya humu ndani anaifuata kwa ajili yako. Ungemwambia aseme cheni imeumwa na nyani, angechora na nyani." Huo ndio utani pekee alioutoa tangu aanguke, na aliutumia kunifungia mlango. Mama naye anasema nimwache mzee apumzike. Sote humu ndani tumemwonea huruma mno, kwa muda mrefu mno, hata ukweli wetu ukimfikia unanukia huruma.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Alipopatwa na kiharusi, sisi tulikuwa tunaitikia kila alichotamka, hata tusipoelewa. Wewe ulimwambia kwenye simu, "Kaka, sielewi hata neno moja. Rudia." Akarudia. Ukamwambia tena arudie. Nilikuwa nimemshikia simu, niliona jasho. Mara ya sita ukaelewa.

Mwandikie yeye, usiniandikie mimi. Simu hapokei, akishikishwa anasema haisikiki na kukata. Usimpe pole hata kidogo. Mwambie bintiye ni mzembe aliyepuuza fundi, na mwoga aliyemwacha babaye abebe kosa lisilo lake, na kwamba yeye mwenyewe ni mpumbavu kukataa kuamini. Usipunguze makali kwa ajili yangu. Nimepiga hesabu ya posta, kwenda na kurudi: ukiandika siku hiyo hiyo utakapoipata hii, barua itafika siku mbili kabla hajakabidhi ufunguo. Sina hakika ataamini. Sina hakika hata ataifungua. Lakini mwandiko wako anaujua.

Nisalimie mzee wa nyumba na binamu zangu wote wawili, warefu na wasio warefu. Mama anasema uvae soksi. Mungu akutunze, akupe nguvu ya goti, na leo akupe hasira.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuogopa,

Injinia.