Munganga wa mafua Kabambare

Mwanangu Sofia, mama yako nakusalimia, huku mvua haikatiki.

Kabambare iko munganga anachunguza homa ya mafua. Anapitisha pamba mu koo ya kila mutu, kisha anaiweka mu chupa yenye barafu. Shangazi yako alimwambia, "Ukikuta majani ya sombe humo, ni mboga yangu ya asubuhi!" Tulicheka sana.

Lakini aliponiona nanyonya makamasi ya mutoto wa jirani kwa kinywa, alinikataza kwa upole: "Mama, homa inapita hapo." Nilinuna, maana niliwalea ninyi wote hivyo. Sasa nakohoa. Basi usimunyonye makamasi mujukuu wangu Yosefu, mupanguse na kitambaa.

Jumamosi siji kwenu na kikohozi hiki. Mwambie Yosefu, nkambo wake, bibi yake huyu, anamupenda, ndiyo maana anabaki huku.

Mama