Ulimwambia Baba, Akasikia Mzee wa Kanisa

Mpendwa Kaka Ezekieli,

Ningependa kuanza kwa kusema huku Makere hatujambo, lakini tungekuwa tunadanganyana. Baba anaumwa. Kifua kimembana tangu mvua zianze, hospitali ya Kasulu wamemrudisha nyumbani, na daktari aliniita pembeni akaniambia nimpe chochote anachokitamani. Anachokitamani ni wewe. Ningejua ulipo ningekuja kukuburuta kwa shati, ukubwa wako ungeuweka pembeni. Kwa kuwa sijui, naandika na bahasha siifungi, ili yeyote anayekufahamu aisome na kukufikishia.

Unazikumbuka sala zake za chakula? Alikuwa anaanzia kwa Adamu. Ugali wa muhogo unapoa mpaka unaota ngozi, samaki wa migebuka wananukia puani mwetu, naye amefumba macho: "Bwana, sisi ni mavumbi tu mbele zako." Siku moja ukaninong'oneza, "Mavumbi yenyewe yana njaa." Nilicheka kwa sauti, nikachapwa mimi, wewe tayari umeshafumba macho kama malaika. Mama, Mungu amrehemu, alijifunika uso kwa kitenge mabega yakimtikisika. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, kisha nakumbuka yaliyofuata na kicheko kinaniishia.

Wifi Yusta alipougua ulihangaika naye kila mahali. Dawa zilipokataa, na watu wakaanza kukuambia maneno yale wanayowaambia watu waliokata tamaa, ulimpakia kwenye pikipiki ukampeleka kwa mganga ng'ambo ya mto. Hakupona. Tulimzika, mwimbaji mwenzako wa kwaya, na hakuna aliyejua ulikompeleka. Ungeweza kunyamaza. Wangapi pale kanisani wamenyamaza, na wanakaa mbele?

Matanga yalipokwisha ulikuja nyumbani. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Ulipiga magoti mbele ya Baba na hukutumia Kiswahili cha madhabahuni, ulisema Kiha chetu cha jikoni: "Data, mbabarira." Baba, nisamehe. Ukamweleza yote huku unalia kwa kwikwi kama mtoto. Akakuwekea mkono kichwani. Nilimwona, Kaka, mkono ulitulia pale muda mrefu, na mimi nikashukuru moyoni nikijua yamekwisha.

Jumapili iliyofuata jambo lako lilikuwa mbele ya kikao cha wazee, na aliyelipeleka ni yeye. Ulikuwa umemwambia Baba, akasikia Mzee wa Kanisa.

Wakakutenga. Hakuna kwaya, hakuna Meza ya Bwana, na nafasi yako ni lile benchi la mlangoni, kuku wanapoingilia na watoto wanapotokea. Watu walikuwa wakipita bila kukutazama, na wewe bado una kitambaa cheusi cha msiba begani. Nilipokuja kukaa karibu yako ulinifukuza kwa utani, "Nenda mbele, huku upepo ni wa wenye dhambi tu." Hukukosa ibada hata moja. Ulipotimiza adhabu ukasimamishwa mbele ya ibada kurudishwa kundini, ukalishukuru kanisa kwa sauti iliyo wazi, ukampa Baba mkono kama ulivyowapa wazee wengine. Kesho yake chumba chako kilikuwa kitupu.

Tulisikia uko Kibondo, unauza vitu kwa watu wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa nilikwenda kukuulizia mjini. Bwana Salumu, mwenye duka la vitenge, alinipa kiti na chai. "Kaka yako mtu wa watu," akasema. "Wateja wake walipoondoka, naye akafunga mizigo. Nilimuuliza, unakwenda kwenu? Akacheka tu. Pole, dada yangu." Nililia ndani ya basi mpaka Kasulu, na aliyekaa jirani yangu akadhani nimefiwa.

Sasa nikueleze habari ya Baba, ambayo huijui. Siku moja kikao cha wazee kiliitwa kwa ajili ya kijana mwingine, kosa kama lako. Wakamwomba Baba aanze, maana ndiye aliyejua taratibu kuliko wote. Alisimama. Akatoka nje. Jumapili ile tulimkuta amekaa kwenye benchi la mlangoni, na koti lake la uzee wa kanisa amelikunja magotini. Watu walidhani anapunga hewa. Hajakaa kwingine tangu siku hiyo, na Meza ya Bwana hajaigusa.

Mchungaji amekuja nyumbani hata amechoka. "Mzee, kanisa halina neno na wewe." Baba akamjibu, "Kanisa sikulikosea. Kanisa nililitumikia vizuri mno." Kisha akasema akifa kabla hujamsamehe, azikwe kama mtu aliyetengwa, bila kwaya na bila kengele. Wazee wamegawanyika, wengine wanasema huo ni unyenyekevu wa kweli, wengine wanasema ni ukaidi uliovaa gunia. Mimi naona ni vyote viwili, na ndiye Baba yetu.

Nimejifunza kitu kimoja kwa kumuuguza, nacho kinaniumiza. Toba aliijua tangu ujana wake, aliweza kuililia kwa Kiswahili kizuri mpaka wageni wakatoa leso. Alimwomba Mungu msamaha kila siku. Hakuwahi kumwomba mtu. Sasa mgonjwa anajifunza kwa shida, kama mtoto wa chekechea. Nikimwosha miguu ananiambia, "Mwana wanje, mbabarira," mwanangu, nisamehe, kwa kosa gani sijui, labda kwa lile la kunichapa nilipocheka. Namwambia nimesamehe, na ni kweli nimesamehe. Lakini mimi siye anayemtafuta.

Na wewe pia nikuambie bila kukuficha, nimekukasirikia. Najua ulivyoumizwa, nilikuwepo. Ila umenyamaza mpaka ukimya wako umekuwa benchi, na umetukalisha sote.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Hakuwa amekula, midomo imemkauka, anatazama mlango kila mbwa akibweka. Nikamwambia, "Baba, Kaka amepiga simu. Amesema amekusamehe." Nilitaka afe kwa amani, Kaka. Nilitaka apigiwe kengele. Uso wake ulilainika nikadhani Mungu amenikubalia uongo wangu. Halafu akaniuliza, "Alisemaje? Nipe maneno yake mwenyewe."

Nikakosa. Nilijaribu kutunga, na nikagundua sijui tena unavyosema. Nakumbuka mtoto anayeninong'oneza juu ya njaa, nakumbuka mfiwa kwenye benchi, lakini mtu uliye sasa, ukiwa umesamehe au umekataa, anaongeaje? Baba alinisubiri. Kisha akanishika kidole, akasema taratibu bila hasira, "Haya. Basi tumngoje." Akageukia ukutani.

Siwezi kukulazimisha kusamehe, na kwa yaliyokupata nisingethubutu. Naomba maneno tu. Kama huwezi kuja, mwambie mtu aandike, au mpigie Bwana Salumu aniletee. Yakiwa ya upole nitashukuru. Yakiwa ya hasira pia nitayapeleka kitandani kwake nimsomee yote, bila kupunguza hata moja. Atajua ni yako.

Mungu akulinde huko uliko, nami nakuombea kwa lugha ya jikoni.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na Baba.