Mkulima wa Hapa Ni Mimi

Podlasie, Poland

Mume wangu Zenon,

Huku tu wazima. Kabichi tumeshaitia chumvi mapipani, na ng'ombe mwekundu alizaa jana. Ndama alikwama, nikamvuta mwenyewe kwa kamba, na tumbo langu hili la miezi minane.

Kwenye simu ulinikataza kulipa mchango wa bima ya uzazi ya wakulima: "Wewe mama wa nyumbani tu, mkulima ni mimi." Mkulima gani, bwana, anayepaka meli rangi Norwe tangu theluji iyeyuke?

Leo nimekwenda ofisi ya bima ya wakulima. Karani akauliza, "Mkulima ni nani kwenu?"

"Mimi."

Nimejiandikisha, na mchango nimelipa.

Ukirudi Krismasi, njoo na buti. Nafasi iliyobaki ni ya msaidizi.

Mkeo,
Halina, mkulima