Ngozi Isiyokauka

Wyoming, Alhamisi

Mwanangu Marlys,

Simu zangu hupokei tangu mazishi, basi naandika. Theluji imeanza. Baba yako hajambo, anakula. Farasi wake wote amewagawia majirani.

Tulipomzika mama yako, baba yako aliniomba nimshonee ala ya bastola, ya kuvaa kushoto na kuchomoa kwa mkono wa kulia akiwa juu ya tandiko. Tandiko, na farasi hana! Sikumuuliza. Kazi hii ngozi huloweshwa, ikabanwa juu ya bastola yenyewe mpaka ikauke, kwa hiyo bastola aliniachia. Nikashukuru kwamba haiko nyumbani kwake. Mwezi mzima sasa, kila asubuhi nailowesha ngozi upya.

Jana alikuja akaipapasa.

"Mdogo wangu, we fundi miaka arobaini. Ngozi gani hii haikauki?"

"Baridi, kaka," nikasema, nikajichekesha.

Yeye hakucheka. "Wiki ijayo naichukua, hata kama inachuruzika."

Najua wewe na baba yako mligombana. Njoo hivyo hivyo. Mimi kumwambia neno nimeshindwa, mdomo unakuwa mzito. Ninachojua ni kumwagia maji ngozi, na leo nimemwaga tena.

Baba yako mdogo,
Wendell