Picha ya Saa Tatu Usiku

Hilversum, Uholanzi
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Dada Saido,

Assalamu alaykum. Vipi mgongo? Bado unauinamisha chini ya viti vya mabasi kila jioni, au wamekupa ile zamu ya asubuhi waliyokuahidi? Mimi mzima, ila baridi imeanza kulisumbua lile sikio bovu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yako mwanao Mubarik ndiye anayekutengenezea na anajua kila kilichomo. Kiswahili hakisomi. Tafadhali soma ukiwa peke yako.

Kazi yangu unaijua. Tuko tisa chumba kimoja, kila mtu na nchi zake, tunaandika televisheni zimeonyesha nini jioni na saa ngapi. Wanorwei wanamaliza mapema wakalale. Wajerumani kipindi kikubwa kinaanza saa mbili na robo hata nyumba ikiwaka moto. Wahispania wanaanza karibu saa tano, watu wa huku tumeshaota. Mimi nimepewa Uingereza kwa sababu ya Kiingereza chetu cha Isiolo. Na Waingereza wana sheria yao: damu haionyeshwi kabla ya saa tatu usiku, mpaka watoto walale.

Jana, saa tatu na dakika kumi na nne, kipindi cha kutafuta wahalifu kilionyesha picha za kamera ya duka moja la Lozells, huko kwenu Birmingham. Kijana kajifunika kofia ya jaketi. Anamvuta mzee kwa shati kutoka nyuma ya kaunta, anampiga kwa ile fimbo ya chuma ya kuvutia geti la duka. Mzee yuko sakafuni, amejikunja, na bado anapigwa. Nilihesabu, maana kazi yangu ni kuhesabu. Sekunde arobaini na moja. Mtangazaji akasema zilizobaki hazifai kuonekana hata saa hiyo.

Uso hauonekani. Lakini alipomaliza alisimama, akafuta mkono nyuma ya suruali, taratibu, kiganja kwanza, kisha mgongo wa mkono. Saido, nilimwona baba. Nilimwona baba sebuleni kwetu, nikasahau kuandika saa. Halafu nikakumbuka ni nani mwingine anayefuta mkono hivyo.

Niambie nimekosea.

Mdogo wako,
Sugow


Shard End, Birmingham
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Ndugu yangu Sugow,

Waalaykum salaam. Mgongo ni uleule na zamu ni ileile, ndiyo maana sikuiona televisheni yako. Saa tatu usiku mimi niko depo na ufagio. Pole na sikio.

Hujakosea.

Nimechana karatasi mbili nilizoandika kwamba umekosea. Siku ile Mubarik alirudi akaoga nusu saa nzima, akaacha jaketi kwenye mashine. Nikafua. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, nikajiambia jaketi linachuja rangi. Jaketi lenyewe ni jeusi.

Yule mzee ni Hasmukh. Tulipohama kutoka Uholanzi, Mubarik akiwa na miaka minne, tulipanga chumba karibu na duka lake. Mzee amezaliwa Jinja, Uganda, Kiswahili chake kina vumbi lakini anakipenda. Mpaka leo Jumamosi napanda mabasi mawili kwenda kununua unga kwake, kwa ajili ya kuitwa tu, "Karibu mama Mubarik, leo unga mzuri." Sasa yuko hospitali, hajafumbua macho. Mkewe, Vimla, ndiye anayeuza. Jumamosi iliyopita nilipita ng'ambo ya barabara kama mwizi.

Nilimuuliza Mubarik kwa nini. Akasema, "Leave it, Mum," akapiga ngumi mlango wa kabati, ubao ukapasuka katikati. Sijauliza tena. Ana miaka ishirini na miwili na mimi namwogopa. Nimekuandikia neno hilo wewe, sijamwambia mtu mwingine.

Sugow, baba alipokuwa akikupiga, nani alilala juu yako? Sikio moja lilikwenda kabla sijafika. La pili niliokoa mimi, kwa mbavu zangu. Sijawahi kukutajia. Leo nakutajia. Usipige simu kokote. Nipe muda nimlainishe, aende mwenyewe.

Dada yako,
Saido


Hilversum
Jumatano, 22 Oktoba 2025

Dada Saido,

Salaam tele. Sijui nikuulizie afya gani baada ya barua ile. Je, unalala? Unakula?

Sikiliza vizuri. Ratiba za Uingereza hunifikia wiki tatu kabla. Jumanne ya tarehe ishirini na nane, saa tatu usiku, walikuwa warudie habari ya Mzee Hasmukh, na maelezo yanasema kuna picha mpya kutoka kamera ya basi. Kijana amevua kofia na uso uko wazi. Jana yakaja mabadiliko. Kuna mechi ya mpira imepewa saa ile, kipindi kimesukumwa mpaka Jumanne inayofuata, tarehe nne.

Mimi ndiye niliyefuta mstari mmoja na kuandika mwingine, na nilifurahi. Mzee wa watu yupo kitandani na mipira ya kupumulia, mimi nikafurahia mpira wa miguu.

Basi una wiki moja zaidi. Nakupa kwa sababu ya mbavu zako. Lakini Mubarik aende polisi kwa miguu yake kabla ya tarehe nne. Picha hiyo ikishapita televisheni, hakuna atakayeamini kwamba alijuta. Na wewe usibaki naye peke yako unapomwambia. Mwite yule jirani yako wa juu, Beverly, au mtu yeyote mwenye mabega.

Ukisha kusoma, choma.

Mdogo wako,
Sugow


Hilversum
Jumapili, 2 Novemba 2025

Dada,

Hata salamu zinanikwama. U mzima? Sijapata jibu lako.

Nimepiga simu Alhamisi, Ijumaa na leo. Leo Mubarik amepokea. Nikamwambia nataka kuongea na mama. Akasema umelala. Ilikuwa saa nane mchana. Nikamwambia amwamshe. Nikasikia kitu kinagongagonga ukutani, kwa mpigo mmoja, kama mtu anayegonga kwa kisigino. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, "Uncle, ulimwandikia nini mamangu?"

Nikamjibu, salamu tu. Akacheka, akakata.

Saido, kama una mkono wa kuandika, andika hata neno moja.

Sugow


Shard End
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Ndugu yangu,

Niko hai. Barua yako ya mwisho ilinikuta nimerudi kutoka hospitali. Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko.

Sikuichoma ile karatasi. Nilitaka kuisoma mara ya pili, nikaificha ndani ya gunia la mchele. Jumatano ya tarehe 29 aliipata. Kiswahili hakisomi, kweli, lakini jina lake analisoma, na neno "polisi" halihitaji mkalimani. Akaniweka kwenye kiti jikoni, akasema, "Isome, Mum." Nikaanza kutunga. Sugow anakusalimia, polisi wa Uholanzi walimsimamisha barabarani, gari halina taa. Alikuwa amenitolea macho huku akifuata mistari kwa kidole. Akaniuliza, "Umefika wapi?" Nikamwonyesha popote. Akasema, "Hapa pana maneno matatu. Wewe umesema ishirini."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaulaza mezani kama anataka kuupima. Akauponda kwa pasi. Mara ya kwanza sikusikia maumivu, nilisikia sauti. Mara ya pili nilimsomea barua yako yote, neno kwa neno kwa Kiingereza, ila ile saa na tarehe nilizimeza. Kwa hizo alinipiga teke mbavuni mpaka nikatapika, na bado sikuzitoa.

Baada ya hapo alifunga mlango, akaweka funguo na simu yangu mfukoni. Depo aliwatumia ujumbe kwamba naumwa. Usiku wa Alhamisi alikuja akanionyesha simu yake: Mzee Hasmukh amefariki. Akakaa kwenye korido akigonga kichwa ukutani. Nilitaka kumwekea mto. Nakuambia ukweli, Sugow. Nikiwa na mkono umevimba kama boga, nilitafuta mto wa kumwekea mwanangu kichwani.

Jumanne ya tarehe 4 nilimwomba aniwashie televisheni nisahau maumivu. Nikachagua stesheni. Ilipofika saa tatu alikuwa sofani na simu yake, hatazami. Kisha mtangazaji akataja Lozells, akainua macho, na uso wake ukajaa kioo chote. Uso wa mwanangu ndani ya basi, ametulia, anatafuna bablishi.

Unajua nyumba zetu zilivyo, kuta ni karatasi. Maneno ya mtangazaji nilikuwa nayasikia kwetu, na nayasikia kwa Beverly juu, na kwa Jatinder chini, yamechelewa kidogo. Jengo zima lilikuwa kwenye kipindi hicho. Halafu televisheni ya chini ikazimwa. Ya juu ikazimwa. Nikasikia milango.

Mubarik aliipiga teke televisheni ikaanguka kifudifudi, ikaendelea kuongea. Akanivuta kwa nywele. "Ulijua! Ulijua saa!" Akanigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, akafungua, akakimbilia ngazi. Nikamshika mguu, akaniburuta vidato vitatu.

Jatinder alikuwa anapanda na gongo la kriketi, nyuma yake vijana wawili. Miaka ishirini Jatinder amenunua samli kwa Mzee Hasmukh. Hakuuliza kitu. Pigo la kwanza lilimpata Mubarik mdomoni, meno yakatoka yakaruka kwenye ngazi. La pili begani. Akaanguka, wale vijana wakaanza kumkanyaga kichwa, na mmoja anasema, "Mzee wa watu! Mzee wa watu!" kila akishusha mguu.

Nikalala juu yake.

Sikufikiri. Mwili ulijua wenyewe kazi hiyo. Nilipokea gongo moja mgongoni kabla Jatinder hajaona ni mimi. "Ondoka, Saido! Huyu ameua!" Nikamwambia, "Najua. Ni wangu. Ngojeni polisi." Beverly akapiga kelele kutoka juu kwamba polisi wako njiani, mwacheni mama wa watu. Jatinder akaachia gongo likateremka ngazi peke yake, akakaa kwenye kidato akalia kama mtoto.

Chini yangu Mubarik alikuwa anatetemeka. Damu yake iliingia mdomoni mwangu. Polisi walipofika niliwatajia jina lake kamili kabla hawajauliza.

Mkono umevunjika mahali panne. Wameufunga plasta.

Dada yako,
Saido


Hilversum
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Dada Saido,

Namshukuru Mungu u hai. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni na koti mwilini.

Ile wiki moja nilikupa mimi. Jumatatu ile, kesho yake baada ya Mubarik kunikatia, nilishika simu mara tatu nipigie polisi wa Birmingham, na mara tatu nikaiweka. Nilijiambia ni ahadi niliyokupa. Ulikuwa woga, kama wa siku zile nilipokuwa chini yako, nasubiri uchoke wewe au achoke baba.

Kwenye jedwali letu la kazi usiku wa tarehe 28 umeandikwa "saa tatu, mpira." Mstari huo niliuandika mimi. Mzee Hasmukh alikuwa bado anapumua.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Niambie tu nije lini.

Mdogo wako,
Sugow


Shard End
Jumapili, 30 Novemba 2025

Ndugu yangu Sugow,

Salaam nyingi. Mkono unawasha ndani ya plasta, Beverly ananikuna kwa sindano ya kufumia. Jatinder naye ameitwa polisi kwa ajili ya lile gongo. Kila asubuhi ananiwekea maziwa mlangoni na hathubutu kugonga.

Usijipige kifua peke yako. Wiki ile niliiomba mimi.

Jumanne nilikwenda gerezani. Mubarik hana meno ya mbele, anaongea kama mtoto aliyeanza shule. Nilimuuliza swali moja tu, kwa sababu Vimla alikuwa amenitumia mtu aniulize. Polisi walimwonyesha picha yote, zile sehemu ambazo televisheni haikuonyesha. Picha haina sauti, na midomo ya mumewe inacheza mpaka mwisho. Miaka hamsini amelala naye kitanda kimoja, anataka kujua alikuwa anasema nini.

Mubarik alijibu akitazama meza. Akaniambia mzee alimkuta anatia vitu kwenye jaketi. Hakupiga kelele wala hakuita polisi. Alisema, "Nitamwambia mamako." Kwa neno hilo tu Mubarik akachukua chuma.

Nikamuuliza, na ulipokuwa unampiga?

"Alikuwa anarudia kitu kimoja," akasema. "Kwa Kiswahili. Nilikuwa naelewa, Mum. Nilielewa na sikuacha."

Jana nilipanda mabasi mawili kwenda Lozells. Safari hii sikuvuka barabara. Vimla alikuwa peke yake kwenye kaunta, amevaa sweta la mumewe. Alitazama plasta yangu, akageuza kibao cha mlango kisomeke kwamba duka limefungwa. Hakunikaribisha kiti.

"Alisema nini?"

Nikamwambia. "Alisema, 'Sitamwambia mama. Sitamwambia.'"

Vimla alikunja mikono ya lile sweta. Kisha akasema, "Mzee wangu hajawahi kumwogopa mtu." Akaja, akanifungulia mlango, akausimamia wazi mpaka nilipotoka.

Kesi inaanza Februari. Njoo kabla ya hapo, unishike mkono huu mzima wakati nasimama. Wataniita nieleze niliyoyajua na tangu lini, na nimeamua kusema yote, na jaketi, na maji mekundu.

Dada yako,
Saido